MTO UKIKAUKA, TUMHUKUMU NANI?
Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Mada niliyopewa inahusu elimu ya mifumo ya ikolojia, na namna elimu hiyo inavyosaidia kuhifadhi mazingira na kusimamia ardhi na maji. Baadhi yenu bila shaka mnajiuliza: je, hili si jambo la mabwana shamba na maofisa misitu? Limeingiaje katika Tume ya Haki na Amani? Nitajibu kwa kuanza na kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2006 nilikuwa mseminari. Wengi mnaukumbuka mwaka ule: ukame, mgawo wa umeme, viwanda vikisimama. Kila mahali ilisemwa kwamba Mto Ruaha Mkuu umekauka, na kwa sababu hiyo mabwawa ya umeme yameishiwa maji. Mkosaji naye alikuwa amekwisha kutajwa: mfugaji na ng'ombe wake katika Bonde la Usangu. Ilipofika zamu yangu ya kutoa mahubiri ya mazoezi mbele ya wenzangu, niliyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa, nikawalaumu wafugaji kwa uchoyo na uharibifu. Nilisifiwa. Hakuna aliyeniuliza, wala sikujiuliza mwenyewe: je, umepima?

Miaka mingi baadaye, nikiwa padre, mzee mmoja mfugaji aliniuliza swali la unyenyekevu kabisa: "Baba, ng'ombe wangu hunywa madebe mawili kwa siku. Jaruba moja la mpunga hunywa madebe mangapi?" Sikuwa na jibu. Ilinibidi nikalitafute, na haya ninayowaeleza leo ndiyo niliyoyapata njiani.

1. ELIMU YA NYUMBA

Neno "ikolojia" lilitungwa na mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Haeckel, mwaka 1866, kutokana na neno la Kigiriki "oikos", maana yake nyumba. Ikolojia basi ni elimu ya nyumba: nani anaishi ndani yake, anakula nini, anamtegemea nani. Mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley akatuongezea wazo la mfumo wa ikolojia, yaani kwamba viumbe hai pamoja na udongo, maji, hewa na jua ni kitu kimoja kinachofanya kazi kwa pamoja. Inafaa tukumbuke kwamba hata neno letu "parokia" lina mzizi uleule wa "oikos". Parokia ni watu wanaokaa karibu, nyumba kwa nyumba. Hatuko mbali na mada yetu.

Mtaalamu wa elimu hii anapofika kwenye mto huuliza maswali yanayofanana na yale ya mhasibu wa parokia: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na kilichopotea kimepotelea wapi? Maji hayapotei bure. Yakikosekana mahali fulani, yamekwenda mahali pengine. Kazi ya sayansi ni kuyafuata.

2. NYUMBA YA USANGU

Tuifuate basi njia ya maji ya Ruaha Mkuu. Mvua hunyesha kwa wingi katika milima ya Uporoto na Kipengere. Kutoka huko hushuka mito kama Chimala, Kimani na Mbarali, ikaingia katika tambarare kavu zaidi ya Usangu. Ukingoni mwa tambarare, pale mito inapotoka milimani, ndipo yalipo mashamba ya mpunga. Wakazi wa Mbarali hulisha kwa mpunga huo miji mingi ya nchi yetu.

Maji yanayobaki huendelea hadi katikati ya bonde, kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ni kama bakuli kubwa lisilo na kina. Mdomo wa bakuli hilo ni kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto hutoka na kuendelea na safari: hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho hujiunga na Mto Rufiji kuelekea baharini. Maji yakishuka chini ya mwamba, hakuna hata tone linalotoka, ingawa ndani ya bakuli maji bado yapo.

Zamani mto huo ulitiririka hifadhini mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaanza kukatika wakati wa kiangazi, kwanza kwa majuma machache, baadaye kwa miezi. Viboko walisongamana katika madimbwi machache yaliyobaki, samaki wakafa, na wanyama wanaohitaji kunywa kila siku wakalazimika kwenda mbali.

3. HUKUMU ILIYOTANGULIA USHAHIDI

Hapo ndipo jamii ilipoanza kumtafuta mkosaji. Wengine waliwataja wafugaji waliokuwa wamehamia Usangu na makundi makubwa ya ng'ombe. Wengine waliwataja wakata miti wa milimani, na wengine waliulaumu ukame. Katika mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu pamoja na mifugo yao. Wengi walisafiri mwendo mrefu hadi mikoa ya kusini na pwani. Ng'ombe wengi walikufa njiani, na familia zilizokuwa na uwezo zikabaki mikono mitupu. Mwaka 2008 hifadhi ilipanuliwa ikaiingiza Ihefu ndani ya mipaka yake.

Wafugaji walikwisha kuondoka. Je, mto ulirudi kutiririka mwaka mzima? La. Kiangazi kilipofika, uliendelea kukauka katika miaka mingi iliyofuata.

Jambo la kuumiza ni kwamba ushahidi ulikwisha kuwapo kabla ya amri ile. Kati ya mwaka 1999 na 2006 watafiti wa Kitanzania, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa kutoka nje, walikuwa wamepima mito, mifereji na ardhi oevu ya Usangu. Tuangalie walichokikuta.

4. VIPIMO VINASEMA NINI

Kwanza, waligundua kwamba jumla ya maji yanayoshuka kwa mwaka mzima haikuwa imebadilika sana. Kilichopungua ni maji ya kiangazi yanayofika Ihefu. Tofauti hii ni kubwa. Kama mvua au misitu ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu, upungufu ungeonekana katika mito ya juu kabla haijafika mashambani. Lakini maji yalikuwa yakifika ukingoni mwa tambarare, na hapo ndipo yalipokuwa yakigeuzwa njia.

Pili, walichunguza mabanio. Wazee wetu walijenga mabanio kwa mawe, miti na majani. Yalikuwa yakivuja, na mafuriko ya masika yaliyabomoa, wakayajenga upya. Tuliyaona kuwa ya kishamba. Miradi ya maendeleo ikaleta mabanio ya zege yenye milango ya chuma, kwa nia njema ya kumpunguzia mkulima kazi. Ila banio la zamani lilipokuwa likivuja, lilikuwa likimpa jirani wa chini haki yake. Banio la zege haliwezi kuvuja, na wakati wa kiangazi linaweza kuuchukua mto wote. Wakati huohuo eneo la mpunga liliongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1970, likafikia takriban hekta 40,000 katika mwaka wa mvua nzuri. Aidha, milango mingi ilibaki wazi hata baada ya mavuno, na maji yakatandaa katika mashamba yasiyo na mmea.

Tatu, nilijibu swali la yule mzee. Chukueni kalamu tuhesabu pamoja. Ng'ombe mmoja anayekunywa madebe mawili hutumia lita 40 kwa siku. Sasa tuchukue hekta moja iliyofunikwa maji chini ya jua la kiangazi. Jua likinyonya milimita 5 tu kwa siku, ambacho ni kiasi cha kawaida, zimekwenda lita 50,000. Hayo ni maji ya kunywa ya ng'ombe 1,250. Tuchukue tena mfereji unaopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaani lita 1,000. Kwa siku hupitisha lita milioni 86 na zaidi, maji ambayo yangewatosha ng'ombe milioni mbili. Siku nilipomaliza hesabu hii niliyakumbuka mahubiri yangu ya seminari, nikaona aibu.

Sisemi kwamba ng'ombe hana madhara. Makundi makubwa hukanyaga kingo za mito, humaliza nyasi na kuugandamiza udongo. Hilo ni tatizo la kweli na linahitaji mpango wa malisho. Lakini kosa la kuharibu nyasi si kosa la kunywa mto. Haki hudai kwamba mtu ashitakiwe kwa alilolitenda.

Nne, waliipima Ihefu yenyewe. Walikadiria kwamba ili mto utoke Ng'iriama wakati wa kiangazi kwa kiasi kidogo kabisa, kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, zinahitajika kuingia Ihefu kama mita za ujazo 7 kwa sekunde. Nyingine zote huchukuliwa na jua na majani. Kwa hiyo kurudisha maji kidogo hakutoshi kuuona mto ukitiririka hifadhini. Ni lazima tujue tunahitaji kiasi gani, la sivyo tutamnyima mkulima maji, kisha maji hayohayo yaishie kuwa mvuke bila kumfikia yeyote.

Tano, kuhusu umeme. Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika kutoka Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji ya kiangazi, hata katika miaka ya zamani, yalikuwa sehemu ndogo ya jumla hiyo. Hivyo kukauka kwa mto wakati wa kiangazi hakuwezi kuwa sababu kuu ya kupungua kwa bwawa. Watafiti walishauri tuangalie pia namna maji ya mabwawa yalivyokuwa yakifunguliwa na kutumiwa. Mwaka 2006 ni wangapi kati yetu tuliosikia jambo hili? Tulikuwa tumekwisha kumpata wa kumlaumu.

5. HATA MTI UNA HESABU YAKE

Hapa nawaomba mnivumilie, maana nitagusa jambo tunalolipenda sana: kupanda miti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, watafiti walilinganisha mabonde mawili madogo katika safu ya milima ya Mbeya, moja likiwa na msitu wa asili na jingine likiwa limelimwa. Wengi walitarajia kijito cha bonde lililolimwa kikauke. Kinyume chake, kilikuwa na maji mengi kuliko kile cha msituni, hata wakati wa kiangazi. Sababu ni kwamba mti nao hunywa. Mizizi yake huyafikia maji ya chini, na majani huyarudisha hewani.

Je, tukate basi misitu? Hasha! Udongo wa bonde lile ulitokana na majivu ya volkano. Ni udongo unaofyonza mvua kama sifongo hata ukilimwa. Katika udongo mwingine, mlima ukivuliwa msitu na kukanyagwa, mvua hukimbia juu ya ardhi, ikabeba rutuba na kuleta mafuriko, kisha kiangazi kikakosa akiba. Msitu wa asili pia hushika udongo, hutunza viumbe na huyasafisha maji. Fundisho langu ni dogo zaidi: si kila mti, wala si kila mahali. Kundi la vijana likipanda mikaratusi kuzunguka chemchemi, linaweza kupigiwa makofi na wakati huohuo likawa linaikausha chemchemi yenyewe. Nia njema haitoshi bila maarifa.

6. SAYANSI HUPIMA, WATU HUAMUA

Mtaniuliza: tukishajua haya yote, sayansi itatuambia nani apewe maji? La. Sayansi hutuambia kuna kiasi gani na kila uamuzi utaleta nini. Kuamua nani atangulie ni jambo la haki, na hilo ni letu sote.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu. Ya kwanza ni maji ya matumizi ya nyumbani ya watu. Ya pili ni akiba ya mazingira, yaani kiasi kinachotakiwa kubaki mtoni ili mto uendelee kuwa mto. Shughuli za uchumi hufuata. Sheria hiyo pia inatambua jumuiya za watumia maji, ambamo wakulima, wafugaji na wengine hukaa pamoja kupanga zamu. Lakini akiba ya mazingira haiwezi kulindwa na karatasi peke yake. Lazima kuwe na mtu anayepima maji mtoni, na lazima watu wa banio la juu wakubali kuonana uso kwa uso na watu wa chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Usangu walibuni njia ya kusaidia jambo hilo. Walitengeneza ubao mkubwa ulioinamishwa, wakachora juu yake mto na mashamba. Maji yaliwakilishwa na gololi zinazoviringika kutoka juu. Kila mwanakijiji aliweka kijiti chake kama banio, akakusanya gololi kwa ajili ya shamba lake. Aliyekaa juu alijaza mashimo yake yote, na wa chini alibaki akitazama mto mtupu. Kisha walibadilishana nafasi. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza, kwa maana mtu wa juu alikuwa ameonja kukaa chini.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono ambao, baada ya kunywa maji safi, huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao dhaifu wakalazimika kunywa matope. Nabii hakuwakataza kunywa. Aliwauliza juu ya kile walichowaachia wengine. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Usangu nimejifunza kwamba mto ulipopata jeraha, mtu asiye na msemaji ndiye aliyebebeshwa lawama kwanza.

7. TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, wachache wetu wanaishi Usangu, lakini kila parokia ina mto, kisima au chemchemi inayogombaniwa. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, tupime. Fimbo iliyotiwa alama za sentimita na kusimikwa kijitoni, na daftari la kuandika kina cha maji kila Jumapili baada ya Misa, havigharimu fedha nyingi. Baada ya miaka mitatu jumuiya itakuwa na ushahidi ambao hakuna mwanasiasa anayeweza kuufuta.

La pili, tuutembelee mto wetu kutoka chanzo hadi mwisho, wakulima na wafugaji pamoja, tuhesabu kila banio na kila mfereji. Tuulize mavuno yakiisha nani hufunga milango.

La tatu, viongozi wetu wajiunge na jumuiya za watumia maji na kuhudhuria mikutano yake. Tusikae nje na kulalamika.

La nne, tuuchunge ulimi. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Anayemtuhumu jirani kwa jambo ambalo hajalichunguza yuko karibu sana na kuivunja amri hiyo, hata kama anafanya hivyo kwa jina la mazingira. Namwambia hivyo kwanza yule mseminari wa mwaka 2006.

Yule mzee nilimrudia. Nilimwonyesha hesabu yangu kwenye karatasi, nikamwomba radhi kwa maneno niliyowahi kuyasema juu ya watu kama yeye. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akasema: "Baba, sikutaka useme kwamba mimi sina kosa. Nilitaka tu uhesabu."



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, maji yanapopungua, ni kundi gani hulaumiwa kwanza? Tuna ushahidi gani?

2. Nani yuko juu ya mto wetu na nani yuko chini? Ni lini mara ya mwisho watu hao walikaa pamoja?

3. Miti tuliyoipanda karibu na vyanzo vya maji ni ya aina gani? Nani alitushauri?

4. Ni kipimo gani kimoja ambacho jumuiya yetu inaweza kuanza kukiandika mwezi huu, na nani atashika daftari?